Siku ya Mali Nilikaa Jikoni

Nilichanjwa kwa ajili ya Kasumbalesa, si kwa kitu kingine. Bila kadi ya chanjo ya korona walikuwa wanakuzungusha pale mpakani mpaka jua linazama, na mimi nanunua mafuta na sabuni upande wa Zambia. Lazima nivuke.

Juma lililofuata napiga mswaki asubuhi, maji yakanitoka yenyewe upande wa kushoto. Nikakimbilia kioo. Mungu wangu! Nusu ya uso imelala, jicho halifungi, mdomo umeenda upande.

Munganga wa hospitali hakunitisha. Alisema neva ya uso imevimba. Pengine ni chanjo, pengine ni kirusi tu kilichokuja wakati mmoja nayo, hawezi kuapa, na wengi wanapona. Akanipa vidonge na dawa ya jicho. Lakini kwetu nani anangoja munganga? Jirani mmoja akasema uchawi. Mwingine akasema, "Si tulikuambia, ile chanjo yenu!" Nikaona haya, jamani, haya ya kutaka kuingia chini ya kitanda.

Na babukwe, jamaa ya kijana anayemwoa binti yangu, walikuwa wanaleta mali, yaani mahari, Jumamosi ile. Wakiona huu uso, niliwaza, watasema kuna ugonjwa katika damu yetu, na watarudi na mali yao. Baba ya binti ni marehemu, kwa hiyo glasi ya kwanza ya kinywaji binti angepiga magoti anipe mimi, ninywe mbele ya wote. Mimi huyu, ambaye nusu ya kila kitu inaishia kwenye blauzi!

Nikamwomba mdogo wangu akae pahali pangu, yeye ndiye awe mama.

"Yaya, dada yangu, hapana! Ni mutoto yako!"

Nikamfokea, nikamwambia afunge kinywa na avae kitenge changu kipya. Binti nikamwagiza: wakiuliza, mimi ni mpishi.

Nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, nyuma ya pazia. Vigelegele vikanyamaza, nikajua amepiga magoti. "Mama, kunywa," akasema. Sauti ilimtetemeka, na babukwe wakacheka, wakadhani ni haya ya bibi harusi.

Kisha shangazi ya kijana akaingia jikoni kutafuta maji, binti yangu nyuma yake. Akanitazama uso, akageuka kwa binti.

"Na huyu iko nani?"

"Ni mama anatupikia," akajibu mtoto wangu, kama nilivyomfundisha.

Uso umerudi, Mungu asifiwe. Ninacheka pande zote mbili. Juzi babukwe walikuja kupanga ndoa ya kanisani. Walimsalimia mdogo wangu kwa heshima zote, wakala, wakanywa. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimejikaza niseme kwamba mama ni mimi. Shangazi yule akakusanya sahani, akanipa mimi nizirudishe jikoni. Binti yangu alikuwa ananitazama, anangoja. Nikazipokea kwa mikono miwili, nikasema asante.