Alikokwenda Mama Siku za Soko

Harufu ya majani ya mikaratusi yakichemka bado inanirudisha Nyamitaba, kwenye chumba cha Papa, baba yangu. Nilikuwa mwaka wa nne wa shule ya primeri kiharusi kilipomlaza na kumpinda mdomo. Asubuhi na jioni Mama alimkanda kwa maji hayo ya moto, akamgeuza, akamlisha bugali tonge dogo dogo, kisha akakimbilia shamba la maharage. Wakati mwingine alisinzia amesimama, mwiko mkononi.

Halafu yakaanza mambo mageni. Kila siku ya soko, baada ya chakula cha mchana, jirani yetu Mama Furaha alikuja kukaa na Papa. Mama alioga, akajipaka mafuta, akavaa kitenge cha kanisani, akatoka bila kikapu. Nani huenda soko bila kikapu? Nikaanza kumchunguza. Alirudi jioni bila hata kitunguu, macho yamevimba.

Shangazi, dada ya Papa, naye aliona. "Bwana iko kwa kitanda, yeye anajipakala mafuta," alininong'oneza. "Umufuate, Neema. Njo vile tutajua."

Nilimfuata kwa mbali, nikijificha migombani. Hakushuka sokoni. Aliingia nyumbani kwa Mama Furaha, akafunga mlango. Nilingoja kidogo, kisha nikachungulia dirishani, nikiogopa kuona mwanamume. Mama alikuwa amelala chali kitandani, mdomo wazi, kitenge amekikunja vizuri juu ya kiti.

Nilirudi mbio. Shangazi alikuwa akinisubiri chumbani kwa Papa, Mama Furaha yupo.

"Umemukuta wapi?"

"Kwa Mama Furaha. Analala."

Shangazi alijishika kichwa. "Analala na nani?"

"Yeye peke yake. Anakoroma."

Papa akaanza kutikisika. Tulishtuka, kumbe anacheka. Kisha akapigana na ulimi wake mzito mpaka maneno yakatoka: "Mimi njo nilimutuma. Angekufa hapa mbele yangu."

"Alale muchana na bwana iko mugonjwa, watu wangesema nini?" Mama Furaha akaongeza. "Njo maana anavaa kama muntu wa soko."

Shangazi akauliza zamu yake ya kukaa na Papa itakuwa lini.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa. Sisi tulikuwa tayari kumshuku Mama kwa lolote, isipokuwa kuchoka. Aliyeuona uchovu wake ni yule asiyeweza hata kujigeuza, ambaye kutwa nzima hakuwa na kingine cha kutazama ila Mama.