Jini Niliyekuwa Nikimsomea Mume Wangu

Jamani, leo nimelia, na mwezi wa pili wa ndoa haujaisha.

Mnajua ninavyompenda mume wangu. Mnajua pia ile hadithi ya jini aliyempenda binti wa watu, inayotumwa kwenye grupu letu la tuliosoma Kibondo. Jini anamfuata binti kila aendako, anawafukuza rafiki zake, anamfungia asitoke.

Mimi nilikuwa namsomea mume wangu kwa sauti, namwambia, "Mwanaume ni huyu! Huku ndiko kupendwa!"

Leo asubuhi nikiwa nachambua maharage, nikamkumbusha kwamba Jumatatu naanza kazi ya kushona kwa Mama Shani, Kasulu mjini.

Akacheka. "Huendi. Nilishampigia."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba mke wangu hatoki hapa Makere. Nimekuwa jini wako!"

Nikadhani utani. Nikampigia Mama Shani mwenyewe.

"Mwanangu, nafasi nimempa mwingine," akasema. "Mumeo aliongea kwa upole sana, nikajua mmekubaliana."

Miaka miwili nimeingoja nafasi ile!

Nikamgeukia mume wangu. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwani yule jini huwa anauliza?"

Hakuwa na hasira hata kidogo. Alishangaa kweli.

Nimeshindwa kugombana naye. Maneno yote aliyatoa kwangu.

Sasa hivi amekaa karibu yangu, kaninunulia soda, anatabasamu. Anasubiri nimshukuru.

Ninyi mngemwambia nini?