Fundi Vyerehani wa Nshamba na Watazamaji Mia Mbili na Kumi

Saa mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya migomba ya Nshamba, Klaudia Rutaihwa analaza ubavu cherehani cheusi, anatia tone la mafuta, kisha anazungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Kinakwaruza. Anatega sikio, anazungusha tena.

"Hiki hakijafa," anamwambia mwenye nacho. "Kimekabwa na uzi tu."

Kwa kibano anavuta vipande vya uzi, kimoja baada ya kingine, hadi vinajaa kiganjani. Simu iliyofungwa kwenye kijiti mbele yake inarekodi kila kitu.

Klaudia, mwenye miaka 46, alijifunza kazi hii Bukoba mjini, katika duka la nyuzi na vipuri la mzee Umedbhai, alikoajiriwa kufagia akiwa na miaka 19. Mzee alikuwa akitengeneza vyerehani vya wateja nyuma ya duka. Siku moja alimkuta mfagiaji wake amekifungua kimoja na kukirudisha kikiwa kizima. Hakumgombeza. Alimpa bisibisi.

Miaka minne iliyopita, baada ya mzee kufariki, mwanawe Bhavik alimfuata Nshamba, alikokuwa amehamishia kazi yake, na wazo. Angemnunulia simu nzuri na kumlipia vifurushi vya intaneti. Klaudia angerekodi video fupi za kufundisha matengenezo, kwa Kiswahili na Kihaya, kuziweka kwenye mtandao wa kijamii, na kutaja vipuri vya duka. Kwa Bhavik huo ulikuwa uwekezaji kama mwingine wowote. Aliweka shilingi laki saba.

Mwanzoni mambo yalinoga. Video ya kubadilisha mkanda ilitazamwa na watu 60,000. Klaudia akawa anasalimiwa na watu asiowajua, hata kanisani. Kipato chake, kilichokuwa laki moja na nusu kwa mwezi, kikafika laki tatu.

Kisha mtandao ule ukabadilisha namna yake ya kuwaletea watu video. Watazamaji wakashuka hadi elfu mbili, halafu mia tano. Yupo aliyemshauri acheze dansi mbele ya kamera. Alijaribu mara moja, anasema, akajicheka mwenyewe na kuifuta.

Mwezi Juni Bhavik alimpigia simu. Alizungumza kwa upole, Klaudia anakumbuka, lakini alikuwa ameshaamua: mitandao hii imekwisha utamu, haimfaidishi anayeitumia wala aliyeweka fedha yake, na mwisho wa mwezi angeacha kulipia. Klaudia hakubishana. Alimwomba jambo moja.

"Nilimwambia, kaka, njoo Nshamba Jumamosi moja tu. Uje na vipuri."

Siku ile ile akarekodi video ya dakika moja: mwenye cherehani kilichokaa bure nyumbani akilete sokoni Jumamosi, atatengenezewa kwa nusu bei. Hadi Ijumaa ilikuwa imetazamwa na watu 210.

Bhavik aliwasili Jumamosi saa mbili, na boksi moja la vipuri. Hadi saa tatu hapakuwa na mtu. Klaudia alipanga bisibisi zake mezani, akazipangua, akazipanga tena.

"Niliona aibu hata kumtazama usoni," anasema.

Wa kwanza kutokea alikuwa bibi Edvina Kahangwa, miaka 71, kutoka Kagoma, cherehani chake kikiwa kimefungwa kwa kitenge nyuma ya bodaboda. Baada yake wakaja wawili, kisha watano. Vingine vililetwa kichwani, vingine kwenye toroli. Kufikia saa sita vyerehani vilikuwa 43, vimepangwa mstari pembeni mwa soko.

Bhavik akaanza kuwauliza walisikia wapi habari hiyo. Wengi hawakuwa hata na akaunti kwenye mtandao ule. Mjukuu wa bibi Edvina ndiye aliyeirusha video kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, wanakwaya wakaipeleka kwenye jumuiya zao, na baada ya misa mwenyekiti mmoja akawasimulia wasio na simu. Hesabu ya mtandao haikumwona hata mmoja wao.

Cherehani cha bibi Edvina kilikuwa kimenyamaza miaka kumi na miwili. Zamani alikitumia kushona magauni ya Komunyo ya Kwanza kwa mabinti wa parokia. Klaudia aligundua springi ndogo imekatika, na nyingine kama hiyo ilikuwamo kwenye boksi. Akaiweka, akakifunga cherehani kwenye meza yake ya kukanyagia, akampisha bibi akae.

Bibi Edvina alikanyaga taratibu, akashona mstari mmoja kwenye kitambaa chakavu, akakisogeza karibu na macho.

"Mishono yangu hii," alisema. Kisha akamshukuru fundi kwa Kihaya: "Wakola waitu."

Wanawake waliokuwa foleni wakapiga vigelegele. Bibi akaendelea kushona mpaka kitambaa kikaisha, na mtu akampa kingine.

Boksi la vipuri liliisha kabla ya saa nane. Siku hizi Bhavik huja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi na maboksi matatu, na vifurushi bado analipia. Ukimuuliza kama mitandao ingali na thamani kwa mwekezaji, anacheka.

"Hisa za kampuni zao nisingenunua," anasema. "Mtandao utabadilika tena kesho, sijui utakuwaje. Dada Klaudia namjua."

Klaudia naye hangoji tena namba zipande. Video anazifanya fupi zaidi, ziwe rahisi kutumiana, na mwishoni hutaja siku na mahali atakapokuwepo. Mwezi uliopita alipata laki nne na nusu.

Kwa fedha hiyo amekwisha kulipia chumba cha madirisha mawili kando ya barabara, kwa sababu kazi hii inataka mwanga. Januari anataka kuanza kufundisha wanawake sita, kila mmoja kutoka kata tofauti, wawe mafundi.

"Macho yangu yataanza kuchoka," anasema huku akipangusa mafuta vidoleni. "Siku hiyo cherehani changu kikiharibika, nataka niwe na mafundi sita wa kuchagua. Na nibishane nao bei."