Mstari Uliokosekana

Jirani yangu akianika ovaroli yake ya Olkaria, kwa mitambo ya mvuke wa ardhini, ile harufu ya mvuke, kama mayai yaliyooza, hunirudisha siku ile.

Mjomba alikuja kwetu Karagita akinuka hivyo hivyo. Dada yangu mdogo alikuwa amelala sakafuni, midomo imemkauka. Baba alisema kifafa chake ni pepo, na Biblia imesema pepo wa aina hiyo hatoki watu wasipofunga kula. Kwa hivyo nyumba nzima ilifunga, na mgonjwa pia.

Mjomba akafungua Biblia yake, ya tafsiri mpya. "Soma mwenyewe, shemeji. Hapa ni mstari wa ishirini, halafu wa ishirini na mbili. Huo mstari wako hauko."

Baba akapitisha kidole pale, akarudia. "Nani ameutoa?"

"Wanasema haukuwa kwa zile nakala za zamani kabisa."

Baba alimpiga kigoda cha mdomo. Jino liliruka likagonga ukuta wa mabati. Mjomba akamvamia, wakaangukia pazia likachanika, damu ikatapakaa kwenye kurasa.

"Unaniletea Biblia ina mashimo!" baba alifoka, akimgongesha kichwa sakafuni.

Ndipo mama akainua sufuria ya uji aliokuwa akimpikia mgeni, bado ukitokota, akasimama juu yao.

"Mtu asongee nimmwagie. Huyo pepo atatoka akiwa ameshiba."

Akaupoza kikombe kwa kikombe, macho yake kwa baba. Hakuna aliyesonga. Nikamsikia dada akimeza.