Tangazo la Tatu

Kwa miaka kumi na mmoja Lea alisoma matangazo katika usharika wao wa Kilutheri, huko milimani karibu na Amani, na hakuwahi kuongeza neno lake hata moja. Kipaimara, misiba, zamu za kufagia kanisa, ndoa: alisoma alichoandika katibu, akakunja karatasi, akarudi kukaa. Watu walimsifu kwa sauti. Sauti anayo kweli, ila kwenye mashamba ya chai msimamizi akimwonea, alimeza mate na kuendelea kuchuma.

Sasa mdogo wake Wilfred, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa anamwoa Jenifa wa kwaya. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Lea alisoma tangazo la kwanza meno yote nje. La pili pia. Jumatano Wilfred akaacha simu kwake ichajiwe, ikaita, Lea akapokea.

"Mimi Anastazia, mke wake," mwanamke akasema. "Mwambie mtoto wake huku Horohoro ana homa."

Kesho yake Lea akapanda gari mpaka Horohoro, mpakani. Akakiona cheti cha ndoa, cha kanisa kabisa. Akamwona na mtoto: masikio ya Wilfred yaleyale, yamechomoza.

Ijumaa alikwenda kwa mchungaji mara mbili. Mara ya kwanza aliishia kuongea habari za kabichi na mke wa mchungaji. Mara ya pili akauliza zamu ya kufagia ni ya nani. Mtu mzima huyo! Jumamosi akajikaza, akamkabili Wilfred.

"Yale yalikwisha, dada."

"Cheti hakijaisha."

"Ukisema umenizika. Mimi na wewe basi."

Siku nzima Lea hakukaa. Alifua nguo safi, akaunguza ugali, akatoka nje, akarudi. Akajaribu kuomba, akamkumbuka Musa alivyomwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, amtume mwingine. Lea naye akamtafutia Mungu watu: katibu, mchungaji, mama yake Jenifa. Lakini hao hawakujua kitu. Aliyejua ni yeye. Akamkasirikia Mungu, tusifiche. Musa angalau alipewa Haruni wa kumsemea.

Jumapili akasimama mbele na karatasi yake.

"Tangazo la ndoa la tatu na la mwisho," akasoma. Akataja jina la Wilfred, akataja la Jenifa. "Mwenye pingamizi..."

Akainua macho. Benchi la mbele, ndani ya shati alilolipiga pasi Lea mwenyewe asubuhi ile, Wilfred alikuwa akitikisa kichwa polepole.

"Ninalo mimi," Lea akasema.

Watu wakadhani amekosea mstari. Hosea, mzee wa kanisa, akainama kumnong'oneza. "Soma kilichoandikwa, mama."

"Hili halikuandikwa, mzee. Hili ni langu."

Akalisema mbele ya wote: Horohoro, cheti, mtoto. Ile sauti iliyosifiwa ikapasuka katikati, naye akaendelea nayo hivyohivyo mpaka mwisho.

Wilfred akatoka bila kumtazama. Jenifa alibaki katikati ya waimbaji, ameshika daftari la nyimbo, machozi yanamtiririka. Lea alitamani kumwendea, hakujua aanzie wapi. Kwenye karatasi lilibaki tangazo moja tu, na matangazo ni kazi yake, akalisoma.

"Zamu ya kufagia kanisa wiki hii ni Lea na..."

Aliyefuata alikuwa Wilfred. Lea akalitazama jina lile, kisha akakunja karatasi.

"Ni Lea," akasema.