Zamu ya Maji ya Aliyekimbia

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, siku ya Jumanne, risasi zilianza kulia upande wa malisho, ng'ambo ya mashamba yetu ya Rapsu. Kufikia saa mbili asubuhi tulijua wachungaji wawili wameuawa na mifugo yao imechukuliwa. Kufikia saa sita, mashamba tisa kati ya kumi na manne ya mfereji wetu hayakuwa na watu. Jirani yangu wa mpakani, mama wa watoto wanne, alipanda lori la mbuzi akaenda kwa dada yake Kiwanjani, mjini Isiolo. Vitunguu vyake vilikuwa vimetoka kitaluni wiki mbili tu.

Mfereji una kanuni. Kila shamba hupata maji kwa muda wa saa tatu, mara moja kwa wiki. Likikosa maji zamu tatu mfululizo, kamati humpa mtu mwingine shamba hilo. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya wavivu. Sasa ingewanyang'anya waliokimbia risasi, na wale wenye bunduki waliotaka tuondoke wangemaliziwa kazi na sisi wenyewe.

Niliandika upya orodha ya zamu. Wenzangu wanne waliobaki waligawana mashamba manane, mimi nikachukua la jirani. Alhamisi saa moja asubuhi niliondoa gunia la mchanga mdomoni mwa mfereji wake, maji yakaingia.

Zamu ya pili mwenyekiti wa kamati alinikuta nikiwa na jembe.

"Mama, huyu ameenda. Kuna watu wanangojea hili shamba."

"Mzee, kanuni inasema shamba likose maji. Haisemi ni mkono wa nani utafungua."

Alicheka kidogo. "Umesoma hii kanuni kuliko sisi tulioiandika."

"Niliisoma kwa sababu mlipoiandika hamkuniita."

Aliondoka bila kunikataza, lakini alisema atakuja kuhesabu zamu ya tatu yeye mwenyewe.

Siku ya zamu hiyo ya tatu risasi zililia tena, mbali kidogo, saa mbili na nusu. Nililala ndani ya mtaro, matope mpaka kidevuni. Zilipotulia niliinuka nikaona maji yamefika nusu ya shamba tu, nikaendelea kuyaelekeza. Jirani alipiga simu wakati huo huo, amesikia habari mjini. Baada ya salamu aliniambia niache.

"Wacha hiyo vitunguu, dada. Unataka ufe juu yangu?"

"Nikiwacha, utarudi kufanya nini?"

Aliuliza kama majani yamegeuka manjano. Nilimwambia ni mabichi. Mwenyekiti alifika saa nne kasorobo, akakanyaga udongo wa mwisho wa shamba kwa kiatu, akaona umelowa, akaweka alama kwenye karatasi yake.

Jirani alirudi wiki ya tisa pamoja na watoto wote wanne. Familia saba zimerudi. Mbili bado, na mashamba yao tunayafungulia maji mpaka leo, hata kama kuna wanaotuita wajinga.

Mavuno ya jirani yalikuwa kilo mia sita na arobaini, akauza kila kilo shilingi sitini. Alipotoa nauli ya lori, shilingi elfu tatu na mia mbili, alibaki na shilingi elfu thelathini na tano na mia mbili.