Kivuli cha Mtambo wa Lami

Miaka ya hamsini nilikuwa kibarua wa barabara ya Chwaka, kijana mwenye majigambo. Jiwe la watu wawili nililibeba peke yangu, kisha nikaangalia nani kaniona. Mke wangu, Mwanaidi, alinicheka sana kwa hilo.

Jua tu ndilo lililonishinda. Mtambo wa kushindilia lami ukisimama, tulikimbilia kivuli chake. Makame, mwenzetu wa Tumbatu, hakuja. Alikaa mbali kando ya barabara, juani. Nikambandika jina la mjusi.

Asubuhi kivuli kiliangukia upande wa mjini, tulikopanga mawe kuzuia magari. Alasiri kiligeukia upande wa Chwaka. Huko hatukuweka kitu, nasi tukakifuata vivyo hivyo. Siku moja wenzangu walikwenda kunywa maji, nikabaki peke yangu, nimejinyoosha. Lori lililobeba mbata, nazi kavu, likaja kutoka Chwaka, jua limempiga dereva machoni. Nilisikia breki. Halafu mguu wangu wa kushoto ukawa umebanwa kati ya lori na gurudumu la chuma la mtambo.

Niliuona mfupa wangu, mweupe, nikaona haya kama mtu aliyevuliwa nguo. Makame ndiye aliyenivuta, akaufunga mguu kwa shuka yake.

Hospitali, siku ya tano, mguu ulianza kunuka. Daktari akasema, "Tukiuacha, utakufa nao."

Nikakataa. Niliona bila mguu mimi si mwanamume tena. Mwanaidi alikuja na uji, akaisikia ile harufu, akaweka bakuli chini.

"Hebu nambie, mie nimeolewa na wewe au na mguu?"

"Na mimi."

"Basi waache wakate."

Wakakata chini ya goti. Nililia siku nyingi, na kusema hivyo sioni aibu. Kidonda kilikawia miezi kukauka, kisha nikajifunza magongo, nikianguka na kuinuka.

Namshukuru Mungu, nawashukuru na Makame na Mwanaidi. Nanyi mnaofanya kazi barabarani, zuieni magari pande zote mbili, na mpumzike pasipofika gari, hata pakiwa pa moto.

Nilirudi kazini kuvunja kokoto, kazi ya kukaa. Siku ya kwanza, mtambo uliposimama, nilijikongoja hadi kando, juani, alipokaa Makame.

"Na wewe ushakuwa mjusi?"

"Nshakuwa."

Hakucheka. Alisogea, akakaa kati yangu na jua.